Husuni Kubwa Haikujengwa na Mreno

Wiki iliyopita niliulizwa tena, hapa Kimara Mwisho, na jirani aliyekuwa akisimamia fundi wake: "Mwalimu, hivi lile jumba la Kilwa walijenga Wareno au Waarabu?" Nimeshalijibu swali hili msibani na ndani ya Mwendokasi. Leo naliandika ili lisomwe.

Jumba hilo, Husuni Kubwa, ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14. Jina lake limo katika maandishi ya jiwe yaliyofukuliwa Husuni Kubwa kwenyewe. Msafiri Ibn Battuta alimkuta madarakani mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu, na akaandika kwamba wengi wa wakazi wa mji ni watu weusi. Mreno wa kwanza kutia nanga hapo, Cabral, alifika mwaka 1500, na jumba lilikuwa limeshahamwa zamani. Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505 baada ya kuupora mji, wakaiacha mwaka 1512. Hiyo ngome iitwayo Gereza mnayoiona kwenye picha, pale ufukweni, sehemu kubwa ni kazi ya enzi za Waomani.

Kinachowapoteza wengi ni jina. Husuni kwa Kiarabu ni ngome, basi mtu anatafuta mizinga. Atafute Fort Jesus, Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ajili ya mizinga hiyo. Husuni Kubwa ina birika la pembe nane, nyua za kupokelea wageni, ngazi za kushukia baharini, vyumba zaidi ya 100 na, upande wa kusini, ua mpana wa kuwekea bidhaa. Ni ikulu ya mtu aliyeuza dhahabu ya bandari ya Sofala. Mgeni alipakuliwa kwenye bakuli la China, lakini chakula chenyewe kilipikwa katika chungu kilichofinyangwa pwani hii hii.

Na hao Waarabu? Hapa ndipo subira inaponiishia, kwa sababu jengo lenyewe linajibu. Anayepiga kenchi za nyumba yake ataelewa haraka: vyumba vya Kilwa ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, maana paa la mawe na chokaa lililala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo. Chokaa ni matumbawe yaliyochomwa juu ya kuni. Mapambo ya milango yalichongwa kwenye tumbawe lililotolewa majini likiwa bado laini, kisha likakauka na kuwa gumu. Ukichimba chini ya nyumba za mawe za mji wa Kilwa, unakuta nyumba za miti na udongo za watu wale wale. Ufundi huo ulikua hapo hapo, kizazi baada ya kizazi.

Wageni walikuja, wakaoa, wakazaa. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2023, uliotumia mifupa ya makaburi ya pwani, Kilwa ikiwemo, ulionyesha damu ya Uajemi upande wa baba na ya Afrika upande wa mama. Maumbo ya kuba nayo yalipita baharini. Lakini kuazima umbo si kujengewa nyumba. Jirani yangu ameweka nguzo za Kirumi barazani. Sijasikia mtu akisema nyumba ile ni ya Mwitaliano.

Mnaotaka kuona: basi la Kusini mpaka Kilwa Masoko, kibali hapo hapo Masoko, kisha boti. Nendeni asubuhi, bebeni maji. Nauli ikiwa ngumu, pandeni Mwendokasi mpaka Posta, Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert. Au shukeni Mtongani mkaone magofu ya Kunduchi: msikiti wa matumbawe, na makaburi yenye minara iliyopachikwa mabakuli ya China. Msing'oe hata kigae.