Mwalimu Ashuke Mto

Ukifika kijiji cha Yahuma ukauliza mchungaji yuko wapi, huenda ukaonyeshwa mtu aliye juu ya mchikichi, panga mkononi. Anakata ngazi (matunda ya mchikichi), mke wake atakamua mawese. Jumapili asubuhi ni yeye huyo anayepiga ngoma ya lokole kuita watu ibadani, anayehubiri, anayezika, anayepatanisha waliogombania mpaka wa shamba. Cheti hana. Watu wa namna hii ndio wanafunzi wangu.

Mimi ni mwalimu wa Biblia, mkaaji wa Kisangani, Kongo. Hushuka Mto Kongo kwa baleniere, mashua ya mbao, hadi Lokutu, nikilala juu ya magunia, kisha napanda pikipiki kama mvua imeruhusu. Madaraja mengine ni magogo tu. Hapo nateremka na kuvuka kwa miguu, dereva anakuja nyuma akiomba Mungu. Wenzangu mjini huniuliza kwa nini wanafunzi wasije wenyewe, ilhali chuo kiko hapa.

Wanaokuja hawarudi. Kanisa zima linamchangia kijana, mbuzi wanauzwa, anakwenda kusoma. Akimaliza anapata parokia ya mjini au kazi ya kufundisha sekondari, na kijiji kinabaki na mkata ngazi wake. Simlaumu kijana. Mshahara wa mchungaji wa kijijini ni kuku na mihogo, na watoto wake wanahitaji karo.

Wabaptisti wa Uingereza waliofungua misheni ya Yakusu mwaka 1896, chini kidogo ya mji wetu, walilijua jambo hili. Walimu wao wa dini waliishi vijijini. Daktari Clement Chesterman, aliyefika 1920, naye alifundisha wauguzi hospitalini kisha akawasambaza katika zahanati za vijijini kupambana na malale. Baadaye tukapenda majengo. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua Chuo Kikuu Huru hapa hapa, wakati huo mji ukiitwa Stanleyville. Mwaka uliofuata waasi wa Simba waliuteka mji. Mwaka 1971 Rais Mobutu akaunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja cha taifa, na theolojia ikapelekwa Kinshasa. Leo anayetaka shahada huenda huko, au Bunia, kwenye chuo kilichoanza 1961 ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Shalom. Kwa mtu wa Yahuma, Bunia na mwezini ni mamoja.

Walionifungua macho ni Wabaptisti wa Umoja wa Kisovieti, ambao sijawahi kuwaona. Enzi za Stalin kozi za Biblia za Wabaptisti zilifungwa. Serikali iliporuhusu tena mafunzo, mwaka 1968, ilikuwa kwa njia ya barua tu, kutoka Moscow. Basi mtu alibaki kazini kwake, akasoma usiku, akatuma majibu kwa posta, na Jumapili akahubiri. Dola la Kisovieti lilipolegea na kuvunjika mwaka 1991, seminari ziliota Moscow, Odessa na Donetsk, kwa msaada mkubwa wa Wamarekani.  Lakini Asia ya Kati, katika dola hilohilo la zamani, makanisa madogo yakatumia njia iliyobuniwa na Wapresbiteri wa Guatemala mwaka 1963: mwanafunzi anasoma kitabu nyumbani, kisha wanakutana kikundi na mwalimu kujadiliana. Njia hiyo ndiyo ninayotumia Yahuma.

Mnajadiliana nini? Si Kigiriki. Siku moja niliwauliza wanafunzi: familia imemleta mtoto kanisani, wanasema ni mchawi, mtafanyaje? Mzee mmoja akajibu upesi: afungiwe kanisani, afunge kula, aombewe. Nikatoa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, nikawasomea kifungu cha 160. Kumsingizia mtoto uchawi ni kosa, na adhabu yake ni kifungo. Wakanyamaza. Mke wa mmoja wao, aliyekaa nyuma akichambua pondu, majani ya mihogo, ndiye aliyeinua kichwa: “Mama Mwalimu, huyo mtoto anaishi na mama yake mzazi, au na mama wa kambo?”

Somo lote likageukia hapo, maana kila mmoja alimfahamu yatima aliyeitwa ndoki, yaani mchawi, baada ya chakula kupungua nyumbani. Yule mzee aliandika swali la mama huyo katika daftari lake, polepole, kwa Lingala. Tangu siku ile nimedai wake nao wapewe vitabu. Wazee wengine walinuna.

Wakuu wa makanisa mlioko Kisangani na Kinshasa, kabla ya kumlipia kijana mwingine chuo, lipeni kwanza nauli ya mwalimu mmoja ashuke mto. Na mumpe madaftari ya kutosha, ya waume na ya wake.