Ufuta una mnada wake. Pweza anahitaji matangazo

Biashara ni matangazo, na siku hizi matangazo ya mfanyabiashara wa Lindi yamehamia kwenye simu ya mkononi. Hata hivyo, si kila bidhaa ya mkoa huu inauzika kwa picha, na anayelipia tangazo la kitu asichoweza kukipangia bei anatafuna mtaji wake.

Tuchukue ufuta. Zao hili hukusanywa maghalani kupitia vyama vya msingi (AMCOS), kisha hunadiwa chini ya vyama vikuu: Lindi Mwambao kwa Kilwa, Mtama na Lindi, Runali kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Miaka ya karibuni mnada umeendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Huko mnunuzi huangalia tani na ubora, si picha ya Instagram. Korosho ghafi nayo hufuata njia ya mnada. Kwa mazao haya kundi la WhatsApp lina kazi ya kupashana habari: bei ya mnada uliopita na tarehe ya ujao. Kazi hiyo si ndogo, maana mkulima anayejua bei si rahisi kumshawishi auze kwa kangomba.

Maudhui ya mtandaoni huleta fedha pale muuzaji anapopatana bei na mlaji mwenyewe: korosho iliyobanguliwa, samaki, chumba cha wageni, na hasa pweza. Songosongo, wilayani Kilwa, wavuvi wamekuwa wakifunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Siku ya kufungua hupangwa mapema, na habari hiyo ni mali. Mchuuzi anayeitangaza wiki mbili kabla, akapokea oda na malipo ya awali kwa simu, hununua kiasi alichoagizwa tu. Anayenunua kwanza ndipo atafute wateja hushindana na barafu inayoyeyuka.

Jambo moja wengi hawalijui: tangazo la WhatsApp Status hudumu saa 24, na humfikia yule tu ambaye wewe na yeye mmehifadhiana namba. Kumwomba mteja ahifadhi namba yako kuna faida kuliko kulipia wafuasi wa TikTok walioko mbali.

Wenye nyumba za wageni Kilwa Masoko wana mtaji mwingine, magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Picha za magofu zimejaa mtandaoni. Kinachokosekana mara nyingi ni bei ya chumba, nauli ya boti na mahali pa kupata kibali.

Mwekezaji mdogo anayealikwa kwenye ubia asihesabu wafuasi. Aulize oda zilizolipwa mwezi uliopita, na wateja waliorudi.

Aulize pia kuhusu usafirishaji. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga. Siku chache baadaye, tarehe 12, hitilafu ya nyaya za baharini ilidhoofisha intaneti nchini. Katika hali kama hiyo, mwenye namba za wateja kwenye daftari huwapigia na kuahirisha oda. Mwenye ukurasa mtupu hana wa kumpigia.