Maziwa ya Jioni Yawe Chapati za Asubuhi



Je, umewahi kuchemsha maziwa yakakatika sufuriani? Bila shaka umewahi. Maji yanakaa mbali, mabonge meupe yanakaa mbali. Wengi wetu tunasikitika, kisha tunamwaga. Lakini maziwa mazuri tunaweza kuyakata kwa makusudi, tukapata jibini. Na kwa jibini hilo tunapika chapati za maji laini sana.

Katika nyumba nyingi zenye ng'ombe, maziwa ya asubuhi huuzwa. Ya jioni mara nyingine hukosa mnunuzi. Lakini asubuhi mtoto anakwenda shule na chai ya rangi tu. Hiyo siyo haki. Ng'ombe yuko zizini kwao!

Kwa nini maziwa hukatika?

Ndani ya maziwa mna protini. Protini ni chakula cha kujenga mwili. Ukitia kitu kichachu katika maziwa ya moto, sehemu kubwa ya protini hushikana pamoja na mafuta, ikawa mabonge. Hilo ndilo jibini. Watu wa Italia wana jibini linalofanana na hili. Huliita ricotta, maana yake "iliyopikwa tena". Wao hulipika kutokana na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini jingine. Sisi tutatumia maziwa yenyewe.

Kutengeneza jibini

1. Jioni, chemsha lita 1 ya maziwa, kisha uyafunike. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na magonjwa mengine. Usiache kuchemsha.
2. Asubuhi yachemshe tena. Yakifura, epua.
3. Tia maji ya limau vijiko 3 vya chakula. Koroga polepole mara mbili tatu tu, halafu acha dakika 10.
4. Chuja kwa kitambaa safi. Kining'inize nusu saa. Utapata karibu kikombe 1 cha jibini. Yale maji usiyamwage.

Kupika chapati

Tafuta mayai 3, unga wa ngano robo tatu ya kikombe, sukari kijiko 1 na chumvi kidogo.

1. Tenga ute na viini. Bakuli la ute lisiwe na mafuta hata kidogo.
2. Changanya viini, jibini, sukari, chumvi na nusu kikombe cha yale maji. Tia unga, koroga kidogo tu. Ukikoroga sana chapati zitakuwa ngumu.
3. Piga ute mpaka uwe povu jeupe linalosimama. Povu hilo limejaa hewa. Hewa ikipata moto hutanuka, na chapati huinuka. Basi huhitaji hamira.
4. Changanya povu na unga polepole, kwa kugeuza kutoka chini kwenda juu. Ukiharakisha, hewa itatoka.
5. Paka kikaango mafuta kidogo. Moto uwe mdogo. Mimina upawa mmoja mdogo. Ukiona vitundu juu na ukingo umekauka, geuza.

Moto mkali ni adui. Nje chapati itaungua, ndani itabaki mbichi.

Mtu atasema, "Mayai yangu ninauza." Sawa, uza. Lakini hebu fanya hesabu. Mayai 3 mara moja kwa juma hayatakufilisi, na watoto wako watakula maziwa, mayai na ngano kwa pamoja. Hiyo ni akiba inayokaa mwilini.

Jibini hili halikai siku nyingi. Lile siku ile ile. Maji yaliyobaki tia katika uji, au wape kuku.

Sasa jiulize: Jana jioni nyumbani kwako maziwa yalibaki kiasi gani? Yalikwenda wapi?