Mwenye Ufunguo wa Lango: Ugomvi wa Makampuni ya Simu na Funzo Lake kwa Vyama vya Msingi

Mkulima wa pamba wa Magu hahitaji kufundishwa maana ya lango. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Jimbo la Ziwa la wakati huo, pamba ya wakulima ilipita mikononi mwa wafanyabiashara na wenye viwanda vya kuchambulia pamba. Mnunuzi ndiye aliyekuwa mwenye mizani, na mkulima aliyeshuku uzito hakuwa na mizani nyingine ya kuiendea. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Chini ya uongozi wa Paul Bomani, mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililojulikana kwa herufi VFCU. Jambo lililopiganiwa lilikuwa wazi: anayekaa langoni asiwe peke yake mwamuzi wa uzito, wa bei na wa nani apite.

Leo lango jingine limejengwa, nalo limo ndani ya simu. Malipo ya mazao, michango ya wanachama na hata daftari la chama huweza kupita humo. Hivyo inafaa makatibu na wanachama wafahamu ugomvi uliozuka baina ya makampuni makubwa juu ya malango hayo, kwa kuwa chanzo chake ni kilekile cha mizani ya pamba.

Ugomvi wa mawakala nchini Kenya

Kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007. Huduma ya namna hii haisimami bila mawakala, maana mtu mwenye fedha katika simu hana faida nayo iwapo hapati mahali pa kuitoa. Safaricom ilijenga mtandao mkubwa wa mawakala, na mikataba yake ikawafunga wasihudumie kampuni nyingine. Airtel ililalamika kwamba imefungiwa nje. Kwa mujibu wa malalamiko hayo, hata kama bei yake ingekuwa nafuu, mwananchi asingeifuata ikiwa hakuna wakala wa kumhudumia karibu na kwake.

Mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamuru kifungo hicho kiondolewe, na wakala awe huru kuhudumia makampuni mengine. Izingatiwe kwamba Safaricom haikunyang'anywa mali yake wala kuvunjwa. Kilichoondolewa ni kufuli. Izingatiwe pia kwamba baada ya amri hiyo Safaricom iliendelea kuwa kubwa kuliko wenzake wote. Kufungua lango humpa mshindani nafasi ya kupita, hakumhakikishii ushindi.

Hali ya Tanzania

Huku kwetu tatizo lilikuwa na sura nyingine. Aliyetumiwa fedha kutoka mtandao usio wake hakuweza kuzipokea katika hesabu yake mwenyewe. Alipata namba ya siri, kisha akamtafuta wakala wa mtandao wa aliyemtumia. Mwaka 2014 makampuni yalianza kupatana ili fedha zipite moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Miongoni mwao zilikuwamo Airtel na Tigo, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Yas. Vodacom, yenye M-Pesa ya Tanzania, ilijiunga mwaka 2016. Hapa lango lilifunguliwa kwa mapatano ya wenyewe, na anayelipwa hakulazimika tena kuwa na laini ya mtandao wa anayemlipa.

Duka la programu ni nini?

Simu za kisasa hufanya kazi kwa programu, na programu hizo hupatikana katika duka lililomo ndani ya simu yenyewe. Kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua duka lake mwaka 2008. Kwa miaka mingi mwenye simu ya Apple hakuruhusiwa kupata programu kwingineko, na mtengenezaji wa programu aliyeuza bidhaa za kutumika katika simu hiyo alikatwa asilimia 30. Maana yake, katika kila shilingi 100 aliyolipa mnunuzi, 30 zilibaki langoni. Tangu mwaka 2021 watengenezaji wadogo, yaani wale ambao mapato yao hayazidi dola milioni moja kwa mwaka, waliweza kupunguziwa hadi asilimia 15.

Mwezi Agosti 2020 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo uitwao Fortnite, iliweka njia yake yenyewe ya kupokea malipo. Apple iliuondoa mchezo huo dukani siku hiyohiyo, na shauri likafika mahakamani huko California. Utetezi wa Apple si wa kupuuzwa: ilieleza kwamba duka limejengwa kwa gharama, na kwamba ukaguzi wake huwakinga wateja na programu za wizi. Epic ilijibu kwamba mwenye lango amejifanya pia mtoza ushuru na mwenye kanuni, naye huuza bidhaa zake sokoni humohumo.

Hukumu ya Septemba 2021 haikumpa upande wowote ushindi kamili. Jaji alisema haikuthibitishwa kwamba Apple ina ukiritimba kwa maana ya sheria ya taifa la Marekani. Hata hivyo aliamuru isiwazuie watengenezaji kuwaelekeza wateja kwenye njia nyingine za kulipa. Apple ilipotii kwa namna ya kutoza asilimia 27 kwa malipo ya nje, mahakama iliamua mwezi Aprili 2025 kwamba amri yake imevunjwa. Google nayo ilishindwa na Epic mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwezi Desemba 2023. Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kuwabana wenye malango mwezi Machi 2024 iliilazimu Apple kukubali maduka mengine katika simu zake.

Sheria yetu na historia yetu

Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Sheria hiyo haisemi kuwa ukubwa ni kosa. Kosa ni kuutumia ukubwa huo kuua ushindani.

Ni haki kusema pia kwamba lango lililo mikononi mwa umma au ushirika si salama kwa sababu hiyo tu. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Kisha soko la pamba likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990. Katika vipindi hivyo mkulima alijifunza kwamba mnunuzi wa pekee, awe nani, akichelewesha malipo hakuna wa kumkimbilia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kampuni inapoleta programu ya kutunza daftari la chama au kulipa wanachama, halmashauri ipate majibu ya maswali haya kwa maandishi:

1. Je, mwanachama aweza kulipwa kupitia mtandao wowote, au ni mmoja tu?

2. Je, ada ni kiasi gani, nani hulipa, na nani ana uwezo wa kuibadili?

3. Je, chama kikihama, kitapewa kumbukumbu zake zote, na katika hali inayosomeka kwingine?

4. Je, kampuni hiyo pia hununua mazao, hukopesha au huuza pembejeo? Ikiwa ndivyo, yaweza kutumia kumbukumbu za wanachama kwa faida yake?

Jibu la swali la tatu lipewe uzito wa pekee. Chama kisichoweza kuhama hakina nguvu ya kujadili ada, hata kiwe na wanachama wengi kiasi gani.

Makatibu wa vyama vya Kisesa, Nyanguge, Kahangara na kwingineko wanaombwa kuyasoma maswali haya mbele ya mkutano wa wanachama kabla mkataba wowote haujatiwa sahihi. Wazee wa ushirika walisimama kwenye mizani na kutazama mshale kwa macho yao. Wanachama wa leo nao wana haki ya kuuona.