Maadili kazini: kwa nini ajenti wa asiransi anabaki ama anatoka

Leo nataka tuongee juu ya maadili kazini na namna yanavyogusa moyo wa mfanyakazi wa bima, ile tunaita asiransi.

Nchini kwetu, tangu 1966, asiransi ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya 2015 ilifungua mlango, na mwaka 2019 kampuni za watu binafsi zikaanza kupewa ruhusa. Vijana wengi wenye diploma, mimi pia, tukapata kazi ya uajenti.

Hapa Bukavu shefu wangu aliniambia: «Usielezee sana. Akisha kusahini, imeisha.» Nikamuuzia motari mmoja asiransi ya lazima. Sikumwambia kwamba inalipa hasara anayofanyia wengine, haitengenezi pikipiki yake mwenyewe. Akapata aksida. Akakuja ku biro na mama yake. Mama akaniangalia, akasema: «Mutoto yangu, tuliamini weye, hatukuamini kampuni.» Sikuwa na jibu. Kutoka siku ile nilikuwa nafika saa mbili, natoka saa kumi, lakini moyo ulishaondoka.

Mwaka 1991 John Meyer na Natalie Allen, watafiti wa Canada, walieleza kwamba mtu anafungwa na kazi yake kwa njia tatu: anaipenda, anaihitaji, ama anaona ana deni kwayo. Mimi nilibaki kwa sababu ya mshahara tu, ile njia ya pili. Mtu wa hivyo hafanyi zaidi ya anachoambiwa, na siku akipata pengine anaenda.

Kwa nini asiransi zaidi? Muuza sukari anapima, mteja anaona. Sisi tunauza ahadi: mteja analipa leo, ukweli ataujua siku ya shida. Na ajenti ndiye sura ya ahadi ile. Kampuni ikidanganya, yeye ndiye anakutana na watu sokoni na kanisani. Ikilipa vizuri, anaheshimiwa, anaanza kusema «kampuni yetu».

Sisemi mshahara si kitu. Maadili peke yake hayajazi sufuria. Lakini nyinyi wenzangu ambao mumekuwa mashefu, angalieni mambo matatu:

1. Ajenti aruhusiwe kusema wazi kile bima hailipi, hata kama mteja ataondoka.
2. Komisio isihesabu mikataba mipya tu, ihesabu pia wateja wanaorudi.
3. Anayetoa habari ya udanganyifu asiadhibiwe, na mkubwa akikosa ahukumiwe sawa na mdogo.

Mimi nilitoka kisha miezi nane. Pale niko sasa ninalipwa kidogo kuliko kwanza, lakini kila kontra naisoma pamoja na mteja mpaka mwisho. Yule motari tunasalimianaka njiani. Asiransi hajanunua tena kwangu, na ninamuelewa.

Nanyi, kazini kwenu iko namna gani?