Nyota wa Hollywood ya Zamani Mikononi mwa Mashabiki Wao

Wanahistoria wa sinema wanapotaja Hollywood ya zamani huwa na maana ya kipindi kilichoanza karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kumalizika takribani mwaka 1960, ambapo utengenezaji wa filamu za Marekani ulikuwa mikononi mwa studio chache, zikiwemo MGM, Paramount, Warner Bros. na RKO, ambazo ziliwaajiri waigizaji kwa mikataba ya hadi miaka 7, zikawachagulia nafasi za kuigiza, mavazi na wakati mwingine hata majina, na kwa muda mrefu zikamiliki pia majumba mengi ya sinema yaliyoonyesha filamu hizo. Katika mfumo huo kuigiza vizuri hakukutosha kumfanya mtu kuwa nyota. Richard Dyer, mtaalamu Mwingereza aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu suala hili mwaka 1979, alimweleza nyota kuwa ni taswira, yaani mkusanyiko wa filamu alizocheza, picha zake, mahojiano, matangazo na hata uvumi, vitu ambavyo mtazamaji huviunganisha mwenyewe akampata mtu anayedhani kwamba anamfahamu. Kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu studio ziliwatengeneza nyota kwa ustadi mkubwa, lakini waliowatunza ni wengine.

Hapo mwanzo hata majina ya nyota hayakutajwa. Kampuni za kwanza za filamu hazikuandika majina ya waigizaji kwenye mikanda, na sababu inayotajwa mara nyingi ni hofu kwamba mwigizaji akijulikana atadai mshahara mkubwa, kwa hiyo watazamaji waliompenda Florence Lawrence walimwita kwa jina la kampuni iliyomwajiri, Msichana wa Biograph, wakaandika barua kuuliza yeye ni nani hasa. Carl Laemmle, mfanyabiashara aliyemchukua kutoka Biograph, alitambua thamani ya swali hilo: mwaka 1910 zilienea habari kwamba mwigizaji huyo amefariki, kisha kampuni ya Laemmle ikachapisha tangazo kali la kuukanusha uongo huo, ambao wanahistoria wengi wanaamini ulitungwa na kampuni yenyewe, na Lawrence akapelekwa St. Louis kuonekana hadharani mbele ya umati. Mwaka uliofuata yalianzishwa majarida mawili, Motion Picture Story Magazine na Photoplay, ambayo mwanzoni yalisimulia kwa maandishi hadithi za filamu zilizokuwa zikionyeshwa, lakini muda si muda wasomaji wakayageuza kwa maswali yao, kwa kuwa walichotaka kujua ni habari za wachezaji kuliko za hadithi.

Majarida hayo yalifungua mlango ambao wasomaji walipita kwa namna mbili. Wachache walipita wakawa nyota wenyewe, kama Clara Bow, binti wa familia maskini ya Brooklyn aliyekuwa msomaji wa majarida hayo na ambaye mwaka 1921 alishinda shindano la sura lililoendeshwa na majarida ya aina hiyo, kisha kabla ya muongo kwisha akawa miongoni mwa waigizaji waliopokea barua nyingi kuliko wote Marekani. Wengine wote walishiriki wakiwa mbali. Mwaka 1925 MGM, ikiwa na mwigizaji chipukizi aitwaye Lucille LeSueur ambaye jina lake halikuipendeza, iliwaalika wasomaji wa jarida moja la sinema wamtafutie jina jipya kwa zawadi ya fedha, na kwa kuwa jina lililochaguliwa kwanza lilikuwa tayari likitumiwa na mwigizaji mwingine, akaishia kuitwa Joan Crawford, jina ambalo mwenyewe hakulipenda. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mashabiki kushirikishwa katika kumtengeneza mtu watakayemhusudu.

Kiungo kikuu kati ya nyota na mashabiki wake kilikuwa picha ya inchi 8 kwa 10, na inafaa kuitazama kwa karibu. Mpigapicha George Hurrell, aliyefanya kazi MGM mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliuacha mwanga mpana na laini uliozoeleka, akatumia taa kali yenye mwale mwembamba iliyoning'inizwa kwenye mkono mrefu juu ya kichwa cha mwigizaji, hata kivuli cha kope kikaonekana shavuni na mfupa wa uso ukajitokeza. Crawford alikuja mbele ya kamera yake akiwa na vipodozi vichache sana, ngozi yake ikiwa na madoadoa mengi ya asili, kisha fundi akaketi na negativu, yaani filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwake, akayafuta madoadoa hayo moja baada ya jingine kwa ncha ya penseli. Uso uliobaki ulikuwa laini kama wa sanamu. Nakala zake zilisambazwa kwa maelfu, nyingi zikiwa na saini iliyoandikwa na makatibu wa idara ya barua au kupigwa kwa muhuri, kwa sababu hakuna mkono wa binadamu ambao ungemudu wingi wa barua zilizofika. Mashabiki waliligundua jambo hilo mapema, na ujuzi wa kutofautisha saini ya kweli na ya katibu, kwa kulinganisha mkunjo wa herufi, wino na tarehe, umekuwa elimu kamili wanayorithishana wakusanyaji hadi leo. Crawford mwenyewe alijitofautisha na wenzake kwa kuwajibu watu waliomwandikia karibu maisha yake yote, hadi kifo chake mwaka 1977.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliueleza uhusiano wa aina hii kuwa ni ukaribu wa upande mmoja: mtazamaji humwona mtu wa kwenye skrini au redioni kama rafiki aliye mbele yake, ilhali mtu huyo hamjui kabisa. Maelezo hayo ni sahihi kwa kadiri yanavyokwenda, lakini yanamchora shabiki akiwa peke yake kitini, na hivyo ndivyo alivyokuwa mara chache sana. Jackie Stacey, aliyechapisha mwaka 1994 utafiti uliotegemea barua za mamia ya wanawake wa Uingereza waliokuwa wapenzi wa sinema katika miaka ya 1940 na 1950, aliwakuta wakikumbuka nyota na marafiki kwa pamoja: nani alisuka nywele kama nani, shoga yupi alishona gauni kwa kuiga filamu ya juma lililopita, ndugu gani waligombana juu ya Bette Davis. Katika nchi ambayo nguo zilikuwa za mgao na nyumba nyingi zilikuwa baridi, jumba la sinema lenye mazulia na joto lilikuwa sehemu ya raha yenyewe. Anayewajua wazee wa Zanzibar au Mombasa waliopanga foleni kwa ajili ya filamu za Raj Kapoor na Nargis hatashangazwa na lolote katika barua hizo, ingawa nyota ni wa Bombay badala ya California. Kumhusudu nyota ni mazungumzo ya mashabiki wao kwa wao, na nyota mwenyewe, ambaye kwa kawaida hayasikii, ndiye mada yake.

Jambo hilo ndilo linaloeleza kwa nini mapenzi hayo yalidumu kupita biashara iliyoyaanzisha. Studio zilimpima nyota kwa mapato ya mlangoni, na Mei 1938 chama cha wamiliki huru wa majumba ya sinema kilitoa tangazo kikidai kwamba baadhi ya nyota wanaolipwa fedha nyingi, wakiwemo Crawford, Katharine Hepburn, Greta Garbo na Marlene Dietrich, walikuwa sumu kwa biashara. Hepburn alirudi na ushindi katika filamu ya mwaka 1940, Crawford akapata tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1945, naye Garbo akaacha kuigiza mwaka 1941 asirudi tena. Orodha ile, kwa maneno mengine, iliwataja karibu watu walewale wanaokumbukwa zaidi leo, na wenye majumba wanaweza kusamehewa, maana wao walihesabu tiketi za msimu mmoja.

Studio hazikuwa watunzaji wazuri hata wa mali yao. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu bubu ndefu takribani 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, ni asilimia 14 tu zilizobaki kamili katika umbo lake la asili, nyingine zikiwa zimeoza, zimetupwa au zimeungua, kama ilivyotokea mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox lilipoteketea katika jimbo la New Jersey. Theda Bara, aliyekuwa nyota mkubwa wa kampuni hiyo na aliyecheza filamu zipatazo 40, amebakiwa na filamu chache mno, na *Cleopatra* yake ya mwaka 1917 haipo ila vipande. Hata hivyo ana mashabiki, ambao wanamfahamu hasa kwa picha za mnato na ambao, kwa kukusanya na kupanga picha hizo, wamejaribu kuijenga upya filamu ambayo hawajawahi kuiona.

Mnamo mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya studio katika kesi iliyozilazimisha hatimaye kuachana na majumba yao ya sinema, na kati ya mwaka 1955 na 1958 nyingi kati ya studio hizo ziliuza au kukodisha filamu zao za zamani kwa vituo vya televisheni, zikidhani kwamba zinaondoa mizigo ghalani. Watoto na vijana ambao hawakuwahi kukiishi kipindi kile wakaanza kuwapenda nyota wa wazazi wao. Huko Cambridge, Massachusetts, jumba dogo la Brattle lililo karibu na Chuo Kikuu cha Harvard lilianza kuionyesha *Casablanca* mwaka 1957, miezi michache baada ya kifo cha nyota wake, Humphrey Bogart, na wanafunzi wakaifanya desturi ya majira ya mitihani, wakiyatamka maneno ya filamu pamoja na waigizaji na kukutana kwenye baa yenye jina la filamu hiyo katika jengo hilohilo. Paris nako, mwongozaji Jean-Luc Godard alimweka mwigizaji Jean-Paul Belmondo, katika filamu ya mwaka 1960, mbele ya bango la filamu ya mwisho ya Bogart, akiutazama uso ule na kupitisha kidole gumba mdomoni. Shabiki alikuwa sasa amekuwa mhusika.

Wakati mwingine mashabiki walimrudisha nyota mwenyewe. Louise Brooks, Mmarekani aliyecheza filamu yake mashuhuri zaidi Ujerumani mwaka 1929, alikuwa amesahaulika kiasi cha kufanya kazi ya kuuza dukani New York, hadi mwaka 1955 Henri Langlois, mmoja wa waanzilishi wa hifadhi ya filamu ya Ufaransa, alipotundika picha yake kubwa mlangoni mwa maonyesho ya historia ya sinema mjini Paris, naye James Card, mtunza filamu wa Rochester, akamtafuta na kumshawishi ahamie huko, ambako alizitazama upya filamu za enzi yake na kuandika insha ambazo hatimaye zilichapishwa kwa kitabu mwaka 1982.

Wako pia waliokataa kurudishwa. Deanna Durbin, mwimbaji na mwigizaji aliyezaliwa Kanada na ambaye filamu zake za mwishoni mwa miaka ya 1930 ziliiokoa studio ya Universal kutoka kwenye hatari ya kufilisika, aliachana na sinema mwaka 1949, akahamia kijiji kilicho nje ya Paris na kwa zaidi ya miaka 60 akawakwepa waandishi wa habari, isipokuwa mwanahistoria mmoja wa filamu aliyemhoji mwaka 1983. Klabu zake hazikuvunjika kwa kukosa habari mpya. Wanachama waliendelea kubadilishana rekodi na picha, kubishana kuhusu filamu ipi ni bora, na kuchapisha jarida lao, na alipofariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 91, dunia ilipata habari hiyo kupitia jarida la chama chake cha mashabiki cha Uingereza, ambamo mwanawe aliwashukuru kwa kuiheshimu faragha ya mama yake.