Mratibu wa Ukumbi Hakuajiriwa na Bibi Harusi

Hapa Minnesota swali ni lilelile, liulizwe na Mkenya wa Brooklyn Park, Mtanzania wa Burnsville au Mkongomani aliyehamia Saint Paul juzi: "Ukumbi umetupa mratibu bure. Mpangaji harusi tumlipe wa nini?" Anayeuliza huwa ameshajijibu. Na kwa kawaida mkataba wa ukumbi umeshatiwa saini na malipo ya awali yameshatolewa, kwa hiyo nusu ya makosa ambayo mpangaji angeyazuia yameshalipiwa.

Mshahara wa mratibu huyo umo ndani ya bei ya ukumbi, na anayemlipa ni mwenye ukumbi. Kazi yake imeandikwa kwenye karatasi ya oda: sahani ngapi, meza ngapi, chakula kitoke saa ngapi, baa ifungwe saa ngapi, watu watoke saa ngapi. Waratibu wengi wanaifanya kwa ustadi. Lakini keki ikikwama Maple Grove, DJ asipopokea simu, mpambaji akileta vitambaa vya rangi ambayo hakuna aliyeichagua, hayo hayamo kwenye karatasi yake. Tena aliyewauzia maharusi ukumbi kwa bashasha mwezi Februari mara nyingi siye wanayemkuta Julai. Siku ya harusi wanakabidhiwa msimamizi wa wahudumu ambaye hajawahi kuwaona, na aliyoahidi mwenzake kwa mdomo hayajui.

Kisha kuna suala la maslahi, ambalo watu hulipita kana kwamba halipo. Kazi ya ukumbi ni kuuza tarehe. Maharusi wakitaka Jumamosi ya kabla ya Labor Day, watapewa, tena kwa furaha. Muuzaji hana sababu ya kuwakumbusha kwamba wikiendi hiyo ndiyo kilele cha Minnesota State Fair pale Falcon Heights, maonyesho ambayo Septemba 1, 2018 peke yake yaliingiza watu zaidi ya 270,000. Wageni wa Dallas na Toronto watagombania hoteli na umati huo. Wakitaka mwisho wa Oktoba kwa sababu bei imeshuka, nako hakuna atakayewasimulia dhoruba ya mwaka 1991, iliyoanza Oktoba 31 na kulimwagia eneo hili sentimita 72 za theluji. Mkataba utasema pesa hairudi. Kumtegemea mtu wa ukumbi katika mambo haya ni kama kumwomba wakili wa mwenye nyumba akusomee mkataba wa pango.

Yako makosa mazito zaidi, ya kisheria. Leseni ya ndoa ya Minnesota hutolewa na kaunti, iwe Hennepin, Ramsey au nyingine, na hutumika popote ndani ya jimbo kwa miezi sita. Ndani ya jimbo tu. Kuna kumbi nzuri upande wa pili wa mto St. Croix, Hudson, mwendo mfupi kwa gari kutoka Saint Paul; lakini Hudson ni Wisconsin, na leseni ya Minnesota haifungishi ndoa huko. Mchungaji anayeletwa kutoka Nairobi kwa nauli ya kamati ya harusi naye lazima kwanza asajili hati zake za utumishi katika kaunti mojawapo ya Minnesota. Mashahidi wawe wawili, wasiopungua miaka 16. Ada ya leseni ni dola 115, ila walioshiriki mafunzo ya ndoa ya saa 12 hulipa 40, na makanisa mengi huwafundisha waumini wake bila kuwaambia kwamba cheti chao kina thamani ya dola 75. Mratibu wa ukumbi hakagui lolote kati ya haya. Hakuajiriwa kukagua.

Halafu ndafu. Kila familia ya Kitanzania inayotaka mbuzi mzima aingizwe ukumbini kwa vigelegele inapaswa kuuliza kabla ya kutia saini, kwa sababu kumbi nyingi za hapa hukubali wapishi walio kwenye orodha yao tu, au hudai mpishi mwenye leseni na bima. Sufuria la pilau lililopikwa usiku kucha jikoni kwa shangazi litaishia kwenye buti la gari. Vinywaji vya kutoka nje navyo ni vilevile.

Watetezi wa mratibu wa bure wakishindwa hapo huikimbilia kamati. Kamati ni hazina: hukusanya michango, hukumbusha ahadi, hufanya kikao kwenye simu kila Jumapili hadi mweka hazina apoteze sauti. Lakini siku yenyewe wajumbe ni wageni. Wamevaa sare, wanacheza, na MC anawaita kutoa zawadi. Kamati pia imezoea hesabu ya nyumbani, ambako kadi ya dabo ikileta watatu wali hutosha. Hapa mpishi hulipwa kwa kichwa na hudai idadi ya mwisho siku kadhaa kabla.

Ichukuliwe Jumamosi ya kawaida ya Julai. Ibada saa nane mchana Brooklyn Park, picha kwenye maporomoko ya Minnehaha, sherehe saa kumi na moja Landmark Center katikati ya Saint Paul, jengo la 1902 lililokuwa mahakama ya shirikisho (majambazi wa miaka ya 1930 walihukumiwa humo, na wageni hupenda kulisikia hilo). Wenyeji hutania kwamba Minnesota ina misimu miwili, baridi na ukarabati wa barabara. Barabara ya 94 ikifungwa njia moja, nani anamwambia mpishi achelewe nusu saa, nani anamwambia MC, nani anawazuia wazazi wasiingie peke yao? Mtu wa ukumbi yumo ukumbini. Ratiba iko barabarani.

Sasa chaguo, kwa haraka. Wageni 40 kwenye mkahawa: mpangaji hahitajiki. Kamati imara, lakini hakuna wa kusimamia siku: aajiriwe msimamizi wa mwezi wa mwisho, anayechukua mikataba yote wiki nne hadi sita kabla na kuiendesha siku yenyewe. Sherehe mbili au tatu, yaani send-off, ndoa na karamu, na familia zikiwa mabara mawili: mpangaji kamili, aajiriwe kabla ya ukumbi. Kazi hii haidai leseni ya jimbo, hivyo yeyote mwenye kurasa nzuri za Instagram anaweza kujiita mpangaji. Watafutwe maharusi watatu aliowahudumia mwaka uliopita na waulizwe kilichoharibika. Aulizwe kama anapokea kamisheni kutoka kwa wapambaji anaowapendekeza. Mkataba utaje saa atakazokuwapo, wasaidizi wangapi, nani atashika nafasi yake akiugua, na malipo kwa awamu. Risiti na ujumbe wa simu vihifadhiwe vyote: akitoweka na pesa, mahakama ya madai madogo ya kaunti husikiliza kesi hadi dola 20,000, na mlalamikaji huweza kujisimamia bila wakili.